Jina Ambalo Walburga Alikataa Kulidarizi

Siku Aidan alipomletea mama yake jezi kumi na nane ndani ya kiroba, Walburga alikuwa amezungukwa na masweta ya shule. Ilikuwa Desemba, na wazazi wa mtaa wa Lizaboni, Songea, walikuwa wanataka nembo za watoto wao zishonwe kabla ya Januari. Kudarizi ndiyo kazi yake. Anadarizi nembo za shule, majina ya kwaya, maandishi ya vitambaa vya kina mama wa parokia. Cherehani yake imekaa kwenye baraza ya nyumba yake zaidi ya miaka ishirini, na akina mama wa mtaa hawasemi peleka kwa fundi, wanasema peleka kwa Mama Aidan.

"Hizi ni za timu yetu, mama," Aidan alisema, akikitua kiroba. "Tunataka jina tu, kifuani. Herufi kubwa, uzi wa njano."

"Jina gani?"

"Mawia."

Walburga alitoa mguu kwenye pedali. Alidhani amesikia vibaya kwa sababu ya kelele ya cherehani, lakini cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Sema tena."

"Mawia, mama. Mawia FC."

Mtu aliyezaliwa mbali na kusini huenda asijue ubaya wa neno hilo. Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita na Wareno walikuta upande huu jina likiwasubiri. Hawakuitwa Wamakonde. Waliitwa Wamawia, na jina hilo lilikuja na maelezo yake: watu wakali, watu wa porini, walaji wa watu, waliochonga meno ili nyama ya binadamu isiwape taabu. Hayakuwa ya kweli, lakini hakuna aliyehitaji yawe ya kweli ili ayaseme.

Baba yake Walburga, mzee Atanasi Likwena, alivuka mwaka 1966 akiwa na mke, dada yake aitwaye Tabu, na sufuria moja. Usoni alikuwa na chale za kwao, mistari iliyopinda kuanzia mashavuni hadi kwenye paji. Walburga alizaliwa miaka mitatu baadaye, upande huu wa mto. Kiswahili alikijua kabla hajaijua vizuri lugha ya mama yake. Hiyo haikumsaidia. Akiwa darasa la pili, mama wa rafiki yake alimpa togwa kwenye kikombe cha bati. Alipomaliza, alimwona yule mama akikishika kikombe kwa ncha za vidole, akakipeleka nyuma ya nyumba na kukitupa shimoni. "Ameshanywea Mmawia," yule mama aliwaambia wengine, bila hasira yoyote, kama mtu anayesema kuni zimelowa.

Mzee Atanasi alipofariki, Walburga alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ameshaona misiba ya Wangoni, jinsi watani wanavyokuja kuchekesha watu, wanavyochukua jembe, wanavyodai kuku, hata mfiwa anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Kwa baba yake hawakuja watani, kwa kuwa hakuna kabila lililowahi kuwaita Wamawia watani. Walikuja watu sita wa kwao, na katekista. Wengine walisimama mbali, barabarani, wakisubiri. Ni baadaye ndipo alipoambiwa walikuwa wanasubiri nini: walitaka kuona kama ni kweli Wamawia hawawaziki wafu wao, bali huwala.

Tangu hapo alikuwa anaandika Walburga Atanasi peke yake, bila Likwena. Kisha akaolewa na Polikarp Komba, seremala, Mngoni, mtu mpole aliyefariki miaka sita iliyopita, na jina la Komba likamfunika kama blanketi. Watoto wake wote wakawa akina Komba. Aidan alikua akiitwa Komba shuleni, kanisani, na kwenye karakana ya kuchomelea vyuma anakofanya kazi, kule Msamala. Hakuna aliyewahi kutupa kikombe alichonywea.

Kwa hiyo alipomwona mwanawe wa miaka thelathini na moja amesimama mbele yake na kiroba cha jezi, akilitamka neno lile kwa furaha, Walburga hakujua aanzie wapi.

"Nani amekupa jina hilo?"

"Tumelichagua wenyewe. Wengi wetu mabibi na mababu walitoka ng'ambo ya mto, mama. Tumekuta tuko tisa. Tunaitana hivyo, 'oya Mawia, njoo,' na tunacheka. Tunalitoa sumu. Ukijiita mwenyewe, hakuna wa kukutukania."

"Wewe nani amekutukana?"

Aidan alikunja mdomo wa kiroba, akaukunjua.

"Nimekuuliza. Nani amekuita hivyo, akimaanisha, hata mara moja?"

"Si lazima niwe nimeitwa mimi. Uliitwa wewe. Na kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, Bibi Tabu ameniambia. Kwa hiyo mimi ni Mmakonde kabisa, hata kama ni Komba."

"Basi kama umelirithi kwangu, mwenye mali ni mimi. Nami sijakupa."

Aidan alicheka kidogo, halafu akaona mama yake hacheki. Alibembeleza, akasema mambo ya vijana wa siku hizi, kwamba kuficha ndiko kulikolipa neno nguvu, kwamba yeye hana aibu na babu yake. Hilo la mwisho lilimchoma Walburga kuliko yote. Yeye ndiye aliyemwosha mzee Atanasi miguu akiwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyezijua zile chale kwa vidole, mstari kwa mstari. Leo anaambiwa habari za aibu na mtu anayemjua babu yake kwa picha moja tu iliyofifia.

"Chukua kiroba chako," alisema. "Andika Lizaboni, andika Simba wa Kusini, andika Makonde. Hiyo Makonde nitaishona bure. Lile neno halipiti kwenye sindano yangu."

Aidan alichukua kiroba. Juma lililofuata alipata mtu wa kuchapa jezi huko Msamala, mwenye mashine ya joto, asiyeuliza neno lina maana gani. Jumapili moja baada ya misa, Walburga aliziona jezi zikipita barabarani zimevaliwa na vijana waliopanda bodaboda nne. Herufi zilikuwa za njano, kubwa, zimenyooka. Hata yeye mwenye kazi yake alikiri kwamba zilikaa vizuri.

Hapo ndipo mateso yake yalipoanza, kwa sababu neno halikubaki kwenye timu. Lilihamia kijiweni, likahamia dukani. Vijana walikuwa wanalirushiana kutoka upande huu wa barabara hadi ule. Golikipa wa timu, Jumanne, hakuwa hata Mmakonde. Alikuwa Myao wa Tunduru, dereva wa bodaboda, kijana mwenye adabu aliyempelekea Walburga mizigo ya masweta tangu zamani. Asubuhi moja alizima pikipiki mbele ya baraza, akavua kofia, akainama vizuri kabisa.

"Shikamoo, Mama Mawia!"

Walburga hakuitikia. "Umeniitaje?"

Tabasamu la Jumanne lilibaki usoni, lakini halikujua liende wapi. "Ni utani tu, mama."

"Utani? Utani wa nani na nani?"

"Ule wa kawaida tu, mama, wa makabila."

"Jumanne, sikiliza. Mtani wangu akinitukana leo, kesho nikifiwa yeye ndiye wa kwanza kushika jembe. Na mimi nina ruhusa ya kumtukana vilevile, naye hanuni. Huo ndio utani, watu wawili wamekubaliana. Sisi nani alituuliza? Baba yangu alipokufa, mtani aliyekuja alikuwa nani?"

"Sijui, mama. Mimi sikuwepo."

"Ndiyo. Hukuwepo. Basi usiseme."

Jumanne aliomba radhi, na ilionekana inatoka moyoni. Alibeba masweta, akayafunga nyuma ya pikipiki. Kabla hajawasha, aligeuka. "Lakini mama, usinielewe vibaya. Ni Aidan mwenyewe aliyetuambia tuseme. Alisema tukisema wote, halitakuwa tusi tena."

Walburga alimpa kisogo. Alirudi kwenye cherehani akashona nembo ya shule kichwa chini, akaja kugundua alipokuwa anakata uzi. Ikabidi afumue yote kwa wembe, nusu saa nzima, huku akijisemea peke yake kama mwendawazimu.

Kama ni jambo la kuumiza, hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilimsubiri nyumbani kwake. Shangazi yake Tabu, dada wa mzee Atanasi, anaishi naye kwenye chumba cha nyuma. Ana miaka themanini na zaidi. Kwenye mdomo wa juu bado ana tundu la ndonya, kipande cha mti cha urembo alichovaa tangu usichana na kukivua kwa sababu ya watu wa mjini. Yeye ndiye aliyefukuzwa kwa mawe sokoni. Yeye ndiye ambaye watoto walimkimbia barabarani wakipiga mayowe, miaka nenda rudi, hadi akaacha kutoka mchana. Walburga alitegemea kwamba angalau mtu huyo mmoja angemwelewa.

Alimkuta uani anachambua maharage. Juu ya kanga yake alikuwa amevaa jezi ya Mawia FC, imemfika magotini.

"Shikamoo, shangazi. Hiyo umepewa na nani?"

"Marahaba. Na Aidan."

"Unajua imeandikwa nini?"

"Amenisomea."

"Na bado umeivaa?"

Bibi Tabu alipuliza maganda ya maharage kwenye ungo bila kuinua macho. "Nimeitwa hivyo miaka sitini bure, Walburga. Leo wamenipa na nguo."

"Shangazi, vua. Tafadhali."

"Ina joto. Na mtoto ameniambia ni ya heshima. Miaka yote hii, nani mwingine ameniletea kitu cha heshima kwa sababu ya huu uso?"

Walburga aliingia ndani akakaa kitandani. Hakulia, ingawa alitaka. Alihisi kama mtu aliyekwenda kutoa ushahidi mahakamani, akamkuta shahidi wake mkuu amekaa upande wa pili, tena anatabasamu. Angebishana vipi na Bibi Tabu? Mwenye kidonda kikubwa zaidi ndiye aliyesema hakiumi. Lakini chake kilikuwa kinauma. Je, kwa sababu shangazi amepona, yeye amekatazwa kuugua?

Mwezi wa Februari timu ilicheza na vijana wa kata nyingine. Walburga hakukusudia kwenda, ila jumuiya yao ya kanisa ilikuwa imesali nyumba ya karibu na uwanja, na alipokuwa anarudi alisikia kelele akasimama. Upande wa akina Aidan walikuwa wanaimba jina la timu kwa kupiga makofi, mara tatu tatu. Kwa dakika kadhaa ilikuwa karibu nzuri. Kisha upande wa pili wakalidaka. Waliimba kwa mdundo uleule, wakaongeza mkia wake: "Mawia hao, ficheni watoto! Mawia hao, ficheni watoto!"

Mkia huo Walburga hakuwa ameusikia kwa miaka arobaini. Aliangalia nani anaimba. Wengi walikuwa vijana wadogo, wanacheka tu, hawajui. Lakini karibu na goli alikuwepo mama mmoja wa rika lake, mwenye mwavuli, aliyekuwa anawafundisha maneno. Huyo alikuwa anajua.

Akina Aidan walishinda mbili kwa moja. Aidan alikuja mbio, jasho linamtiririka, akamshika mama yake mabegani. "Umeona, mama? Wamepiga kelele zao zote na hatukushtuka!"

"Nimeona," Walburga alisema.

Alhamisi iliyofuata Dorine, binti wa Aidan, alirudi shuleni na mdomo umevimba. Ana miaka minane, yuko darasa la pili. Alikataa kusema kwa baba yake na mama yake, akaja kusema kwa bibi.

"Walinishika mikono, bibi. Wakanifungua mdomo."

"Kwa nini?"

"Walitaka kuona meno yangu kama yamechongwa. Wanasema baba ni Mawia na mimi ninakula watu. Bibi, Mawia si timu?"

Walburga alimpaka mafuta ya nazi mdomoni kwa hasira, hata akampaka na puani. Hakumwambia Aidan "si nilikuambia". Alikuwa amelitunza neno hilo tangu Desemba, na sasa wakati wake ulipofika lilikuwa chungu kulitamka. Alimpigia simu akamwambia kilichotokea, basi.

Kesho yake walikwenda shuleni pamoja. Mwalimu wa darasa alikuwa dada mmoja aitwaye Pamela, mwenye sauti ya chini na daftari la mahudhurio kifuani. Aliwapa viti. Alisikiliza yote. Alisema amewakemea watoto walioshika mikono ya Dorine, na wazazi wao ameshawaita.

"Na lile neno?" Aidan aliuliza. "Umewaambia wasilitumie?"

Mwalimu Pamela alimwangalia. Aidan alikuwa ametoka kazini, na ndani ya ovaroli yake iliyofunguka hadi tumboni zilionekana herufi za njano. Alikuwa amezoea kuivaa jezi hiyo kama fulana ya ndani.

"Baba Dorine," mwalimu alisema polepole, "naomba unisaidie. Nitamwadhibu vipi mtoto kwa neno ambalo mzazi amelivaa?"

Aidan alishika zipu ya ovaroli akaipandisha. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, na Walburga aliujua uso huo, kwa kuwa aliwahi kuwa nao.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la Walburga mwenyewe, jibu alilolitaka tangu siku ya kiroba. Mwalimu alikuwa amelisema kwa maneno machache kuliko yeye. Lakini alipolisikia kutoka kinywani mwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwita hivyo, damu ilimpanda kichwani.

"Mwalimu, samahani," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi na huyu kijana tumegombana juu ya hiyo fulana miezi mitatu. Sitaki aivae. Lakini akiivaa, anavaa tusi alilozikwa nalo babu yake. Mtoto anayemfungua mwenzake mdomo amevaa nini? Hayo si mambo mawili tofauti? Usimfunge mwanangu mdomo kwa sababu ya mtoto wa mtu asiyefundishwa."

"Sijamfunga mdomo, mama. Ninauliza tu nitawaelezaje watoto wa miaka minane tofauti hiyo."

Walburga angeielezaje? Yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na sita na bado ilikuwa inamteleza. Alikuwa ametoka kumtetea Aidan kwa hoja za Aidan, hoja zilezile alizozikataa barazani kwake, na hakujua tena amesimama upande gani. Waliagana kwa adabu. Mwalimu Pamela aliahidi kuzungumza na darasa zima, na kwa haki ya Mungu alizungumza. Dorine hakushikwa tena. Ila msichana aliyekuwa anakaa naye dawati moja aliomba kuhama, na hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Jumamosi Aidan aliitisha kikao cha timu. Alitaka jina libadilishwe. Alieleza habari za Dorine, akaeleza za shule. Wenzake walimwonea huruma kweli, lakini walimkumbusha maneno yake mwenyewe: tusipolikimbia litakosa nguvu. Mmoja akauliza kwa nini wakimbie sasa wakati wameanza kushinda. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, na Aidan akashindwa.

Akajaribu jambo la pili. Alisema basi angalau wanaotoka familia za ng'ambo ndio waseme, wengine waliache. Jumanne alisimama.

"Mimi nimedaka mipira ya timu hii tangu siku ya kwanza. Nimeandikwa hilo jina kifuani. Leo unaniambia nilivae lakini nisilitamke?"

"Kaka, elewa. Wewe si..."

"Si nini? Malizia."

Aidan aliacha kitambaa chake cha unahodha juu ya meza akaondoka. Mwezi haukuisha, Jumanne akachaguliwa nahodha wa Mawia FC.

Jioni ya siku ile ya kikao Aidan alikuja kwa mama yake akakaa kwenye ngazi ya baraza, mgongo kwake. Walburga aliendelea kukunja masweta.

"Nilidhani ni letu," alisema Aidan. "Kwamba tukilishika sisi, tutaliachia tukitaka."

"Ndiyo."

"Kwani tungejiita nani, mama?"

"Wamakonde. Si jina lilikuwepo?"

"Hilo halina hasira ndani yake."

Walburga aliweka sweta chini. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba alihisi amemwelewa mwanawe, na kumwelewa huko hakukumtuliza hata kidogo. Alitaka kumwambia kwamba hasira aliyokuwa anaitafuta ilikuwa ndani ya nyumba hii siku zote, kwamba angeiomba tu, angepewa bila kuandikwa popote. Lakini hakuwahi kumpa. Miaka thelathini na moja alimlea chini ya blanketi la Komba na hakumsimulia hata habari za msiba wa babu yake. Aidan alikuwa amepata habari za kwao kwa Bibi Tabu, nusu nusu, akajazia mwenyewe.

"Kaa," alimwambia. "Nikusimulie babu yako alivyozikwa."

Alimsimulia. Aidan alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili, akaondoka. Walburga hakujua kama amefanya vizuri au amempa mzigo mwingine tu.

Sasa ni Juni na baridi ya Songea imeingia. Masweta yanashonwa tena. Bibi Tabu bado anavaa jezi yake, chini ya sweta, na Walburga ameacha kumwomba aivue. Aidan hachezi. Timu inaendelea vizuri, tena sana, na watu wasio na habari wanaipenda. Kila siku, mara tano au sita, vijana wanaopita na pikipiki hurushiana salamu mbele ya baraza, "Oya Mawia!", na kila mara Walburga huinua kichwa kabla hajajizuia, kama mtu aliyeitwa.